Anwani ya Kurudia

Gyumri, mwezi wa pili. Barafu imeziba bomba la ghorofa ya nne
na Arpine analehemu waya karibu na jiko;
moshi wa lehemu na harufu ya kabichi ya jana
vimekuwa kitu kimoja.

Juma lililopita aliandika msimbo wa kivivu:
washa, ngoja, zima, ngoja.
Taa nyekundu, ndogo kuliko punje ya dengu,
ikakonyeza vizuri tu juu ya mlango wa choo
ili mama asipotee kwenye korido.
Kitufe kando ya kitanda: bonyeza, kengele italia.

Saa tisa usiku Vergine alibonyeza.
Chipu ilikuwa inangoja,
na chipu ikingoja huhesabu hewa,
haina sikio, haina jicho,
kama karani aliyefunga dirisha akihesabu sarafu.
Akabonyeza. Akabonyeza.
Asubuhi alikutwa ameketi sakafuni, nyayo za baridi,
akimwomba radhi mwenye nyumba asiyekuwapo.

Kwa hiyo leo Arpine anafuta neno *ngoja*.

Ndani ya chipu mna saa nyingine
inayojiendea bila kusimamiwa.
Mapigo milioni kumi na sita kwa sekunde;
gawanya kwa elfu moja na ishirini na nne.
Anaandika nyuma ya risiti ya duka la dawa:
elfu kumi na tano, mia sita ishirini na tano.
Toa moja, maana sifuri nayo huhesabiwa.

(Mama, enzi za kiwanda cha soksi,
alihesabu sindano kwa midomo tu, bila sauti,
na hata msimamizi hakuthubutu kumsemesha
kabla safu haijaisha.)

Hesabu ikitimia, saa inabisha hodi.
Chipu, popote ilipo,
inaweka alama ilipoishia,
inakwenda, inageuza taa,
inarudi palepale, mstari uleule,
utadhani hakuna aliyeita.

Anapakia. Taa kimya.
Anakagua waya. Waya mzima.
Robo saa inapita ndipo anajipiga kofi la paji:
saa ameiwasha, kazi ameiandika,
ruhusa ya kukatizwa hajaitoa.
Mgeni anabisha, na wa ndani ameagizwa asifungue.
Mstari mmoja.
Nyekundu. Giza. Nyekundu.

"Arpine, soksi zangu umeziweka wapi?"
Analaza chuma cha kulehemu kwenye kishikio,
anaacha kidole cha akili kwenye mstari wa ishirini na tatu,
anakwenda.
"Umezivaa, mama."
Anarudi. Ishirini na tatu.
"Arpine, soksi zangu..."
Mara kumi na moja kabla ya chakula,
na mara kumi na moja amerudi;
ile ya saba alirudi meno yameumana, tuseme kweli.

Mama naye hukatizwa. Kijiko kikianguka,
jina la mtu likitajwa redioni,
naye huenda, tena huenda mwepesi,
msichana wa zamu ya asubuhi;
ila ile alama ya alipoishia imefutika.
Akimaliza kule hana pa kurudia.
Utamkuta katikati ya chumba, sahani mkononi,
anaitazama sahani.

Saa tisa na dakika kumi kengele inalia.
Arpine anatoka blanketini, anapita korido,
na juu ya mlango taa haijakosa pigo hata moja.
Vergine ameketi ukingoni mwa kitanda.
Hataki choo. Hataki maji. Soksi hazitaji.
Anaitazama ile nyekundu,
na midomo inacheza bila sauti:
kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita.

Arpine anasimama mlangoni, hasemi neno.
Anangoja safu iishe.